Jina la Sauti Siyo Sauti

Ninyi mnaokaa sasa mbele ya ordinateri, hizo kompyuta zenu, katika chumba cha sauti, mtanisamehe kama naanza na mpunga. Wakulima wa pembeni ya Kindu, mpunga ukikaribia kuiva, hufunga utepe wa kaseti kwenye miti, kutoka pembe moja ya shamba hadi nyingine. Upepo ukipita, utepe unang'aa na kulia, na ndege wanaogopa. Ni dawa nzuri. Msimu mmoja, utepe uliofukuza ndege katika mashamba yale ulitoka mkononi mwangu. Ulikuwa na sauti za watu waliotafutana wakati wa vita. Niliutoa miye mwenyewe, kwa magunia, tena nikawashukuru waliokuja kuuchukua kwa sababu walinipunguzia kazi ya kufagia.

Naitwa Faida. Nilitunza sauti katika redio moja ndogo ya mtaa wa Kasuku, hapa Kindu, tangu nilipokuwa msichana hadi masikio yalipoanza kunidanganya. Mmeniomba niwaandikie jinsi tunavyohifadhi mafaili makubwa mbali, katika serveri, na jinsi ya kutunza matoleo yake. Maelekezo mnayo, yako katika kitabu cha kazi. Hapa nawapa yale ambayo kitabu hakina.

Wakati wa vita treni iliacha kufika, na kaseti mpya zikaacha kufika pamoja nayo. Watu walitoka porini wamevaa walichobaki nacho, wakaja moja kwa moja redioni. Hatukuwa na chakula cha kuwapa. Tulikuwa na kipaza sauti. Kila mmoja alisema jina lake, anatoka wapi, anamtafuta nani. Tukayatangaza asubuhi na jioni, na kaseti tukaziweka, kwa sababu mtu aliyetafutwa leo angeweza kufika mjini mwezi ujao na kuuliza.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Assani, fundi wetu, mzee wa kofia nyeupe aliyesafisha kichwa cha mashini kwa pamba na alkoholi kila alipomaliza sala ya adhuhuri. Alinionyesha yale meno mawili madogo yaliyo mgongoni mwa kaseti. Ukiyavunja, mashini haiwezi tena kurekodi juu yake.

"Vunja meno kwanza," aliniambia, "halafu njo unapumua." Ndipo, siyo kabla.

Nilivunja. Lakini kaseti zilipokwisha kabisa, niligundua kitu ambacho kila mtu wa rika langu anakijua: ukibandika plasta juu ya tundu la meno, mashini inarekodi tena. Siku moja mukubwa mmoja wa askari alikuja kusoma tangazo lake, refu, na alikuja na watu wenye bunduki. Nikachukua kaseti iliyokuwa karibu, nikabandika plasta.

Baada ya muda akaja mzee mmoja, Mzee Kalonda. Yeye na mke wake walikuwa wamerekodi tangazo la kumtafuta binti yao, na tangazo lile lilifanya kazi: binti alisikia jina lake akiwa Kibombo, akarudi kwa miguu. Lakini alipofika, mama alikuwa ameshafariki kwa homa.

"Mutoto anataka kusikia sauti ya mama yake," Mzee Kalonda aliniambia. "Iko humu mwenu. Tulisema sisi wawili."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia. Nilitafuta kabatini kwa muda mrefu, ingawa nilijua toka mwanzo. Mwishowe nikamwambia ukweli: nimeifuta.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi. Mulikuwa na kazi mingi."

Ningefurahi kama angenitukana. Walipoondoka, Papa Assani alinisukumia daftari la kaseti. "Andika. Kaseti namba fulani, imefutwa. Andika nani amefuta, na juu ya nini."

"Papa, kila muntu ataona."

"Njo maana yake daftari."

Nikaandika.

Sasa ruka miaka mingi. Vita imekwisha, Papa Assani amezikwa, na redio imepata Esperanse, injinia aliyesomea Kisangani, mwanamke mwembamba anayekula karanga juu ya vitufe vya klavie. Kazi yetu sisi wawili: kutoa sauti zote katika kaseti na kuziingiza katika ordinateri. Kaseti iliyolala miaka usiipige mara moja. Izungushe mbele hadi mwisho, irudishe, ndipo uicheze, maana utepe umegandana na ukiuvuta kwa nguvu unakatika. Ikiwa ganda limepinda, fungua skrubu tano, hamishia utepe katika ganda zima. Kitunze kibisibisi chako. Katika ofisi yetu vibisibisi vilikuwa na miguu.

Tulichukua sauti nzima, bila kuibana. Faili iliyobanwa ni nyepesi, ndiyo, lakini inakula pumzi za mtu, na kwa tangazo la mtu aliyepotea, pumzi nazo ni habari. Kwa hiyo mafaili yetu yalikuwa mazito. Upande mmoja wa kaseti ungeweza kumaliza koneksio yetu ya intaneti ya siku nzima.

Esperanse alileta programu ya kutunza matoleo. Ukibadilisha faili, programu inaweka toleo jipya bila kutupa la zamani, na inakuomba uandike maneno machache: umebadilisha nini, kwa sababu gani. Mwanzoni mimi niliandika "sawa". Mabadiliko yote ya mwezi wa kwanza, yote "sawa". Siku tulipotaka kurudisha toleo moja la kabla hatujapunguza kelele, tulikuta safu ndefu ya "sawa", kama watu waliopanga foleni wamevaa sare. Tuliyasikiliza moja moja kwa siku mbili. Tangu hapo nikaandika vizuri.

Programu zile zilitengenezwa kwa maandishi. Maandishi, ukibadilisha mstari huu na mwenzako akabadilisha ule, programu inaunganisha kazi zenu. Sauti haiunganishwi. Mara moja Esperanse na mimi tulisafisha faili lile lile siku ile ile, kila mmoja kwenye mashini yake, na ikabidi kazi ya mmoja itupwe. Tulitupa yangu. Ndiyo sababu kuna ile amri ya kufunga: funga faili kwanza, wenzako waone kwamba liko mikononi mwako, ukimaliza lifungue. Msiione amri ile kama ukali. Ni adabu.

Sauti nzito haziwezi kukaa pamoja na historia yote ya maandishi, kila kitu kingekwama. Kwa hiyo programu inaweka faili kubwa pembeni, katika ghala la serveri, na mahali pake inaacha kifaili kidogo cha mistari mitatu: toleo la mfumo, alama ya kulitambulisha faili, na ukubwa wake. Nilishindwa kuelewa hadi Esperanse aliponiuliza:

"Mama Faida, ukipeleka mzigo gare ya treni, wanakupa nini?"

"Risiti."

"Na ukienda nayo nyumbani, uko na mzigo?"

"Niko na risiti."

"Njo hivyo. Hiki kifaili kidogo ni risiti. Mzigo uko depo."

Nilielewa siku ile. Nilielewa vizuri kabisa, na bado nikafanya nilichofanya.

Koneksio ilikuwa mbaya majuma mengi. Kila nilipopeleka kazi, vifaili vidogo vilipita, sauti zilikwama njiani, na programu ikakataa kazi yote. Ilikuwa sawa kukataa, ilikuwa inanilinda. Lakini kuna mahali pa kuruhusu kazi iende hata kama mafaili makubwa hayajafika, na onyo lake limeandikwa kwa Kiingereza. Kifaransa nakisoma, Kiingereza hapana. Nilichoka. Nikaruhusu. Mara ile ile kila kitu kikapita, haraka, na upande wa serveri nikaona majina yote yamejipanga. Nilimwita direkta wa redio, nikamwonyesha.

"Yote imefika?" aliuliza.

"Yote, bwana direkta."

Direkta alihitaji chumba cha kaseti kwa ajili ya betri za sola. Miye ndiye niliyesema kaseti zinaweza kutoka. Esperanse alikuwa Kisangani kwa msiba wa shangazi yake, sikumngoja. Wakulima wa mpunga walikuja na magunia.

Esperanse alikuwa amerudi siku tatu tu pale dhoruba ilipong'oa mabati ya paa letu. Ilikuwa saa nane mchana. Maji yaliingia moja kwa moja juu ya ordinateri na juu ya diski iliyokuwa ubavuni mwake, na zote mbili zilikuwa zinawaka. Tulizitoa mbio, tukazikausha kwa khanga zetu. Hazikuamka tena.

Sikuogopa. Nasema kweli, nilikuwa nimetulia kuliko wote. Nilimwambia Esperanse, "Tuchukue mashini ingine, turudishe toka serveri." Akaunganisha. Majina yakateremka, moja baada ya jingine, haraka mno. Nikaona uso wake unabadilika kabla sijaelewa. Akafungua faili la kwanza. Mistari mitatu. La pili. Mistari mitatu.

"Mama," akasema polepole, "kaseti ziko wapi?"

Tulikwenda mashambani kwa miguu. Utepe ulikuwa pale, juu ya mpunga, mita nyingi sana, umekauka kwa jua na kukatikakatika. Esperanse alishika kipande kati ya vidole viwili, kikavunjika kama jani la kitunguu. Mwenye shamba alitoka akatusalimia, akasema utepe wetu ni mzuri, mwaka huu ndege hawakusumbua. Nikamwambia afadhali.

Njiani kurudi ndipo Esperanse alisimama ghafla.

"Ramazani!"

Ramazani alikuwa mwandishi wetu wa Kampene, Murega wa kule kule. Matangazo mengi ya vita yalisemwa kwa Kirega, na yeye ndiye aliyeyaandika kwa Kiswahili. Mara ya mwisho alipokuja Kindu, Esperanse alimpa folda yote kwa waya, mashini kwa mashini, bila kupitia serveri. Na programu ile, mahali popote inapokaa, inaficha sauti zenyewe katika folda isiyoonekana. Tangu hapo Ramazani alikuwa analalamika kwenye simu kwamba ordinateri yake imejaa, hajui imejaa nini. Tulikuwa tunamcheka. Juma lililopita alisema atampa fundi aifute yote, aanze upya.

Tulipiga simu. Imezimwa. Tulipiga hadi vidole vikachoka. Ramazani alizoea kwenda machimbo kukaa siku nyingi bila umeme. Esperanse alikuwa na mimba ya miezi saba, pikipiki haikumfaa. Basi nilivuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli, nikapanda nyuma ya motari mmoja aliyeniuliza kama nina hakika, bibi wa umri wangu, na msimu wa mvua.

Barabara sitawasimulia, mnaijua. Nitasema tu kwamba mahali pawili tulibeba pikipiki badala ya yenyewe kutubeba, na kwamba tulilala njiani kwa jamaa wa yule motari, waliotupa sombe na wali bila kuuliza swali. Muda wote nilikuwa nahesabu: kama alimpa fundi Jumatatu. Kama fundi ni mvivu. Sijawahi kumwombea mtu uvivu kama nilivyomwombea fundi yule.

Nilifika Kampene mchana wa siku ya pili, matope hadi kifuani. Ramazani alikuwa mlangoni kwake anapiga pasi shati. Aliponiona aliacha pasi juu ya shati.

"Mama Faida! Nani amekufa?"

"Hakuna muntu amekufa. Mashini yako iko wapi?"

"Iko kwa fundi. Mama, shati yangu inaungua, ngoja..."

"Wacha shati."

Kibanda cha fundi kilikuwa kati ya watu wanaonunua madini na mama anayeuza maandazi. Fundi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa ameinama juu ya ordinateri.

"Karibu, mama. Nilikuwa karibu kumaliza," akasema. "Nimefuta miziki yote, nimefuta picha zote, bado imejaa. Kuna kitu kinajificha humu ndani. Njo ninakitafuta sasa, nikifute."

Niliweka mkono wangu wote juu ya klavie.

"Mama, mashini haiumi."

"Inaniuma miye. Simama, tafadhali."

Akasimama, nadhani kwa sababu ya matope. Nikakaa. Nikafungua folda zisizoonekana, kama Esperanse alivyonifundisha. Zilikuwa pale: mafaili mazito, yote yana majina marefu ya tarakimu na herufi, hakuna hata moja lenye jina la mtu. Macho hayawezi kujua kama ni sauti au takataka. Nikanakili moja pembeni, nikalipa jina la faili la sauti, nikabonyeza. Kwanza ule mlio wa kaseti. Kisha mzee mmoja akakohoa, akaanza kusema kwa Kirega.

Ramazani alisikiliza. "Anasema anatoka Pangi. Anasema watoto wake wasimlilie, yuko hai."

Fundi aliondoa miwani yake, akaifuta. "Kumbe njo hiki nilikuwa nafuta," akasema. Hakutaka malipo. Ramazani, kwa upande wake, alikumbuka pasi.

Nilirudi Kindu na mashini ile imefungwa ndani ya plastiki mbili, tumboni, chini ya koti. Esperanse alitoa mafaili yote, akayalinganisha na zile risiti zilizoko katika serveri. Alama zililingana. Lakini mashini ya Ramazani ilikuwa na yale tu tuliyokuwa tumeyaingiza kabla ya ziara yake. Katoni ya mwisho, watu wa upande wa Kailo, niliyoishughulikia peke yangu baadaye, haikuwepo. Ile imepotea, na haitarudi.

Direkta alisema tuyafute majina yale ya Kailo katika orodha. Wageni waliotusaidia kwa pesa za kazi ile watakuja kuangalia, haifai waone matundu. Nilimjibu kwamba nitaacha majina, na mbele ya kila jina nitaandika: sauti imepotea, kosa la Faida, aliruhusu kazi iende bila mafaili makubwa, kisha akatoa kaseti. Alinitazama.

"Unataka kujiaibisha?"

"Hapana, bwana direkta. Lakini siku mtoto wa mtu akija kuuliza, ajue kwamba baba yake alisema kitu, na ni sisi tuliokipoteza. Asifikiri baba alinyamaza."

Maneno yale bado yako. Mkifungua historia mtayaona, na nawaomba msiyaguse.

Kupeleka upya kulichukua miezi. Hatukuruhusu tena kitu chochote kipite nusu. Faili moja, tunangoja, programu inakubali, tunapeleka la pili. Esperanse alijifungua katikati ya kazi, mtoto wa kike, akarudi naye mgongoni.

Mwisho tukafanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya toka mwanzo, na ambalo ninyi mtalifanya kila mwezi hata kama mimi nimelala kaburini. Nendeni kwenye mashini ya watu wengine, katika nyumba nyingine, mashini ambayo haijawahi kuona kazi yenu. Rudisheni faili toka serveri. Msiangalie jina. Msiangalie ukubwa. Sikilizeni.

Sisi tulivuka hadi Alunguli, kwenye shule moja iliyokuwa na koneksio. Sekretari wa shule, Mama Tabu, mwanamke wa makamo, alitupa ordinateri ya pili ya ofisi, akarudi kupiga barua yake. Tulichagua faili kwa kufumba macho na kuweka kidole. Liliteremka taratibu, karibu saa nzima. Esperanse alikuwa ananyonyesha. Nikabonyeza.

Kelele ya kaseti. Kisha sauti ya kijana, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa zamu. Alisema jina lake ni Musa, ametoka Punia kwa miguu, amefika Kindu salama. Akasema yeyote anayewaona watu wa nyumbani kwake awaambie yuko mzima, anaendelea na safari. "Na mumuambie dada yangu asiguse kinga yangu. Nitakuja kuichukua."

Nikacheka kidogo, kwa sababu katikati ya vita mtu anawaza kinga, baiskeli yake. Ndipo nikagundua kwamba klavie ya upande wa pili imenyamaza.

Mama Tabu alikuwa ametugeukia.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha. Alisikiliza mikono yake ikiwa bado juu ya barua. Jina likasemwa tena. Punia. Kindu. Salama.

"Sisi tulikuwa porini," alisema. "Redio hatukuwa nayo. Walituambia alikufa kabla ya kuvuka mto, kule kule. Kumbe alifika hapa."

"Alirudi baadaye?" Esperanse aliuliza.

"Hapana."

Mtoto wa Esperanse alikuwa anameza, tunamsikia. Nilimwuliza Mama Tabu kama anataka tumwekee sauti ile katika telefone yake. Akasema ndiyo, akaitoa mkobani, akanipa. Halafu akatazama skrini, pale ambapo sauti ya ndugu yake ilikuwa mstari wa kijani unaopanda na kushuka.

"Ile kinga," akasema, "niliuzisha."